Amepakwa Mafuta, Karudi kwa Kondoo

Somo: 1 Samweli 16:11–19, 17:12–37

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii naomba tusiishie mstari wa 13 kama tulivyozoea. Tukishafika pale Samweli anapotwaa pembe ya mafuta, Daudi akapakwa mbele ya kaka zake na Roho wa Bwana akamjilia kwa nguvu, huwa tunafunga Biblia na kuanza kuimba. Twende hadi mstari wa 19. Sauli anatafuta mpiga kinubi, anatuma wajumbe kwa Yese: "Unipelekee Daudi mwanao aliye pamoja na kondoo."

Kumbe bado yuko na kondoo! Mfalme mteule, kapakwa mafuta na nabii aliyetetemesha wazee wa Bethlehemu, na kesho yake kaamkia zizini. Hata alipoanza kuitwa ikulu, sura ya 17 mstari wa 15 inasema alikuwa akienda kwa Sauli na kurudi kulisha kondoo wa baba yake. Alipokuja kutawazwa alikuwa na miaka 30 (2 Samweli 5:4), na hapo napo ni Yuda peke yao waliomkubali. Israeli yote ilisubiri miaka mingine saba na nusu.

Nimelichagua somo hili kwa ajili ya vijana wetu. Mwaka 2025 Mamlaka ya Mapato Tanzania ilitangaza nafasi 1,596, wakajitokeza waombaji zaidi ya 135,000. Piga hesabu: kiti kimoja, watu zaidi ya 80. Kijana aliyekosa pale hakukosa kwa kuwa hajafunga na kuomba vya kutosha. Nalisema hili wazi kwa sababu wapo miongoni mwetu ambao, kijana akimaliza miaka miwili bila ajira, wanaanza kumpekua: una dhambi gani, ukoo wenu una laana gani, sadaka umetoa? Kuombea vyeti si vibaya, walete tuviombee. Ila tukimaliza kuomba tusimwachie kijana mzigo wa hesabu ambayo si yake.

Wanavyoongea wenyewe ukiketi nao ni tofauti na tunavyodhani. Wengi hawatafuti utajiri wa haraka, ingawa mikeka ya kubeti ipo na inawamaliza wengine. Wanaulizana kama walisoma ili iweje. Wanaogopa kwenda kwenye send-off ya mwenzao maana wataulizwa "siku hizi uko wapi?", na jibu la kweli linawatia aibu. Wanahofia kwamba mkopo wa masomo wa Bodi ya Mikopo unawasubiri hata kabla hawajashika mshahara wa kwanza. Na juu ya yote kuna ile sauti ya mtaani: msomi mzima, unauza mihogo!

Daudi aliisikia sauti hiyo nyumbani kwao. Eliabu, kaka mkubwa, alikuwa jeshini, kwenye ajira inayoeleweka. Mdogo wake alipofika kambini amebeba bisi na mikate aliyotumwa na mzee, Eliabu akawaka: "Na wale kondoo wachache umewaacha na nani kule nyikani?" Swali limejaa dharau, lakini jibu lake lilikwisha kuandikwa mistari minane nyuma: Daudi aliondoka asubuhi na mapema, akawaacha kondoo na mlinzi. Aliyepakwa mafuta awe mfalme hakuondoka kabla ya kupata mtu wa kushika zamu.

Kuna binti wa jumuiya yetu, ana shahada ya ualimu, anakaanga mihogo na samaki jioni karibu na stendi. Siku moja alinionyesha daftari lake la mahesabu. Alilipiga mistari kama andalio la somo: tarehe, mtaji, mauzo, halafu mwishoni safu mbili, "tathmini" na "maoni". Kwenye maoni ya Jumamosi moja kaandika: "Mpira uliisha saa nne, mihogo iliisha saa tatu. Wiki ijayo niongeze ndoo." Ya siku iliyofuata: "Mafuta yamepanda. Nimepunguza kipande, wateja wameona." Nilicheka hiyo ya pili, maana na mimi ni mmoja wa walioona. Mwalimu yule hajaacha kuwa mwalimu, na bado anatuma maombi kila nafasi za ualimu zikitangazwa.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosimama mbele ya vijana na kuwaambia "jiajirini" kisha wakakaa. Mara nyingi msemaji ana mshahara, bima na kiinua mgongo kinachomsubiri. Mungu hakumwambia Daudi kwamba kondoo ndio mwisho wake, wala hakumwambia awaone ni takataka kwa kuwa ana mafuta kichwani. Vyote viwili vilikwenda pamoja kwa miaka mingi. Yule binti tusimwambie kwamba wito wake ni mihogo. Tununue mihogo, na nafasi ya kufundisha ikipatikana mahali tumpigie simu.

Kisha tazama usaili wa Daudi. Sauli anamwambia: "Huwezi wewe kwenda kupigana na Mfilisti huyu, maana wewe u kijana tu, na huyu ni mtu wa vita tangu ujana wake." Kwa lugha ya matangazo ya siku hizi: uzoefu usiopungua miaka mitatu. Daudi hakutaja yale mafuta hata kidogo! Angeweza kusema nabii alinitabiria. Alieleza kazi: simba alikuja, dubu alikuja, wakakamata mwana-kondoo, nikawafuata nikampokonya. Kazi ile haikuwa na shahidi hata mmoja, lakini alijua kuieleza hatua kwa hatua, na katikati ya maelezo hayo akamtaja Bwana aliyemwokoa.

Sasa neno kwa waajiri tulio humu kundini, maana somo hili linaweza kugeuzwa fimbo ya kuwachapia vijana. Daudi alilisha kondoo wa baba yake, akala mezani kwa baba yake. Kijana "anayejitolea" shuleni kwako au dukani kwako mwaka mzima kwa nauli tu hali mezani kwako. Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiliwa kwa hila unapiga kelele, na kilio kimeingia masikioni mwa Bwana wa majeshi. Kama unaye kijana wa namna hiyo, kaa naye kabla ya Jumapili mpange malipo.

Kwenye jumuiya Alhamisi tutasoma 17:12–37. Vijana, mje na "simba na dubu" wenu: jambo moja ulilolifanya kwa mikono yako mwaka huu, liwe la kibandani, shambani, kwenye bodaboda au kwenye simu, uweze kulieleza kama Daudi alivyoeleza. Walio maofisini watasikiliza na kuwasaidia kuliandika kwenye wasifu. Kalamu na karatasi zitakuwepo. Tuanze saa kumi na moja kamili, wanaofungua biashara jioni wasichelewe.