Mngojane

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Wiki hii nimekaa na 1 Wakorintho 11, na safari hii sikurukia mkate na kikombe kama tulivyozoea siku ya Meza ya Bwana, nimeanzia mstari wa 17 pale Paulo anapowaka, eti mmoja ana njaa na mwingine amelewa. Kanisani jamani!

Sasa kuielewa hiyo ingia kwanza kwenye nyumba ya mtu mwenye hela pale Korintho, miaka ya 50 hivi. Mji ule Julius Caesar aliufufua mwaka 44 KK ukawa wa Kirumi, na matajiri wakala Kirumi. Chumba cha kulia kwa kawaida kina makochi matatu, kila kochi watu watatu, wanajilaza wameegemea kiwiko cha kushoto huku mkono wa kulia unachukua chakula, yaani watu tisa basi, wengine mtajijua huko uani. Na kanisa lilikuwa halina jengo, linakutana humo humo majumbani. Chakula kikubwa cha siku kilianza kama saa tisa mchana (nao walihesabu saa toka jua kuchomoza kama sisi), saa hiyo mtumwa bado yuko bandarini Kenkrea anabeba mizigo, na Jumapili kwao ilikuwa siku ya kazi kama nyingine. Anafika jioni, samaki hamna, divai hamna, wa kwenye makochi wameshachangamka.

Kinachonishtua, mwenye nyumba pengine hakuona kosa lolote, ndiyo ilikuwa adabu ya mezani. Kuna Mrumi mmoja, Pliny, alikuja kusimulia kwenye barua karamu aliyoalikwa, divai ya aina tatu: nzuri ya mwenyeji na wageni wakubwa, nyingine ya marafiki wa chini, nyingine ya watumwa walioachiwa huru. Akasema kwake wote wanakunywa divai moja. Akaulizwa, si utafilisika? Akajibu hapana, wao hawanywi ninayokunywa mimi, mimi ndiye nakunywa wanayokunywa wao. Na hakuwa hata Mkristo!

Paulo hakuwaambia wauze makochi. Mstari wa 33 anasema mngojane, basi. Inaonekana kitu kidogo mno lakini hebu fikiria, bosi na wageni wake wa heshima wanakaa na njaa, chakula kinapoa, wanamsubiri mbeba mizigo afike anawe mikono.

Sisi makochi hatuna ila harusi zetu za kanisani mnazijua, meza kuu ina kuku mzima, huku nyuma foleni, na kina mama waliopika toka alfajiri wanakuja kukwangua ukoko. Someni mpaka mstari wa 34, halafu tujibizane hapa: chai ya baada ya ibada kwenu inaanza saa ngapi, na nani kila mara anakuta birika tupu?