Setilaiti iko juu ya Mogotio

Kazi yangu ni kufunga madishi ya televisheni hapa Nairobi. Umoja, Kayole, Donholm, Pipeline, mpaka Ruai nikiitwa, na kila ninapofika ubishi hunipata hata kabla sijafungua mkoba wa vifaa. Watu wakikuona na spana na roli la kebo begani, basi wewe ndiye wa kuulizwa mambo yote ya angani. Kweli kuna setilaiti? Mbona jirani ameshangilia bao kabla yangu? Hili dishi halitamdhuru mtoto anayelala chini yake? Mwezini walifika au tulidanganywa? Mimi hujibu yote, kwa sababu nayapenda maswali haya, na kwa sababu nimechoka kuona watu wakijibiwa kwa dharau. "Kwani wewe ulisoma mpaka wapi?" Nimesikia maneno hayo yakizima mazungumzo mazuri kwenye matatu, kwenye vinyozi, kwenye vibanda vya chai. Aliyeuliza hunyamaza, na siku nyingine hataki tena kuuliza.

Msimamizi wa ploti moja kule Pipeline, mzee mtulivu, aliniambia wazi kwamba dunia ni bapa na setilaiti ni hadithi. Kwake yeye, picha hutoka kwenye milingoti ya televisheni kwenye vilima vya Ngong, na sisi mafundi tunatafuta tu upande mzuri wa kuelekeza dishi. Wapangaji wawili waliokuwa wakianika nguo huko juu walianza kumcheka. Niliwaomba wamwache amalize, maana alikuwa na hoja. "Nikitazama habari za Ulaya," alisema, "naona madishi yao yametazama kando. Yenu hapa yamelala chali. Kama chombo ni kimoja huko juu, mbona kila mtu anakitafuta upande wake?"

Mtu aliyeliona hilo kwa macho yake mwenyewe hastahili kuchekwa. Ndilo swali bora nililowahi kuulizwa juu ya paa.

Tulianza na Ngong. Nilimwomba mzee asimame upande wa Ngong, hatua moja kutoka kwenye dishi, ajipanue. Mpangaji mmoja alishuka kuangalia televisheni, akapaza sauti kwenye ngazi: picha ipo. Nikaomba sinia, likaletwa lile kubwa la kuandalia pilau. Nikalishika juu ya dishi, likalikinga na mbingu. "Imepotea!" Nikaliondoa, zikapita sekunde chache, picha ikarudi. Mzee akaninyang'anya sinia akajaribu mwenyewe: upande wa Ngong, upande wa uwanja wa ndege, kisha juu. Picha ilipotea pale tu sinia lilipokuwa kati ya dishi na mbingu. Na Pipeline mnaijua, maghorofa yameshikana hivi kwamba mlingoti wa mbali ungezibwa na ukuta wa jirani kabla mawimbi hayajafika. Dishi letu halijali ukuta wa jirani, kwa sababu kinachokuja kinatoka utosini. (Kwa macho utaliona limeinama kidogo, si bapa kabisa. Madishi haya madogo yametengenezwa kupokea kwa mshazari, ndiyo maana LNB, kile kichwa kidogo kinachonasa mawimbi mbele ya dishi, imekaa pembeni na haizibi njia.)

Kisha tukaja kwenye hoja yake yenyewe. Setilaiti ambayo madishi mengi ya Nairobi huitafuta imekaa longitudo ya nyuzi 36 Mashariki, juu ya mstari wa ikweta, kimo cha kilomita 35,786. Kwa kimo hicho, chombo huizunguka dunia kwa saa 23 na dakika 56, muda ule ule ambao dunia hujizungusha mara moja, kwa hiyo sisi huku chini tunakiona kimetulia pale pale. Nairobi iko karibu nyuzi 37, na ikweta haiko mbali nasi, basi tunaelekeza dishi nyuzi 88 hivi kutoka upeo wa macho. Juu kabisa. Mahali hapo hapo angani pana setilaiti zinazotumiwa na Warusi pia. Mtu wa Moscow huelekeza dishi lake kusini, nyuzi 26 tu kutoka upeo wa macho. Wa Johannesburg huelekeza kaskazini, nyuzi 58.

Nilichukua kalamu, nikageuza kijikaratasi cha risiti ya nati na misumari. Tukichukulia dunia ni bapa, nikamwambia mzee, pembe ya Johannesburg na umbali wake vinatupa kimo cha karibu kilomita 4,900. Pembe ya Moscow nayo inatupa karibu kilomita 3,100. Chombo kimoja hakiwezi kuwa na vimo viwili. Tukichora dunia ya mviringo, pembe zote tatu, yetu, ya Moscow na ya Johannesburg, zinakutana mahali pamoja. Mzee aliuliza kama Warusi wameniambia mimi hizo nyuzi 26 au nimezisoma. Swali la haki kabisa. Nikampa jaribio lisilohitaji Mrusi wala mimi: siku zinazokaribia 21 Machi na 23 Septemba, saa sita na nusu mchana hivi, jua hupita nyuma ya setilaiti hiyo, na kelele za jua huyafunika mawimbi yake. Picha huvurugika au hupotea kwa dakika chache, kisha jua husogea na picha hurudi yenyewe. Aandike kwenye kalenda, akae mbele ya televisheni, aone.

Kuhusu watu kufika mwezini sikubishana naye. Kwa dishi siwezi kumwonyesha.

Swali la bao ndilo linaloniuma zaidi, kwa sababu linagusa majirani. Kijana mmoja wa Umoja alikuwa amenunua televisheni kubwa na kulipia intaneti ya kebo ili atazame mpira bila bughudha. Kila mechi, nyumba ya chini yake, yenye kitelevisheni kidogo na dishi lenye kutu, ilipiga kelele za bao wakati kwake winga bado anakimbia na mpira. Alishaanza kuamini jirani ana ujanja fulani wa wizi. Nilimweleza kwamba safari ya kwenda kwenye setilaiti na kurudi ni kilomita 72,000 hivi, na kwa mwendo wa mwanga hiyo ni robo sekunde. Hiyo si kitu. Ucheleweshaji mkubwa unatoka kwenye mitambo ya kubana picha, na kwenye intaneti unaongezeka sana, kwa sababu picha hukatwa vipande vipande na kifaa chako huweka akiba ya vipande kadhaa kabla hakijaanza kukuonyesha, ili isikwamekwame. Akiba hiyo inaweza kufika sekunde 30 au zaidi. Mwenye redio ya FM anaweza kuwashinda wote wawili. Fedha yake ilimnunulia picha safi, haikumnunulia dakika ile ile ya uwanjani. Alishuka akamwomba jirani radhi kwa maneno aliyokuwa amemrushia, na mimi nilifurahi kuliko nilivyofurahia malipo.

Mvua je? Hapa wateja wengi wanaamini kwamba kampuni huzima picha makusudi. Nina kitambaa cha taulo kwenye mkoba kwa ajili ya ubishi huu. Nakifunika juu ya LNB kikiwa kikavu, kipima mawimbi hakishuki kwa kiasi cha kutisha. Nakilowesha kwa maji ya bomba, nakirudisha pale pale, kipima kinaanguka mpaka chini na televisheni inaandika kwamba hakuna mawimbi. Maji ndiyo yanayokula. Mawimbi haya yana urefu wa sentimita mbili na nusu hivi, na matone makubwa ya mvua ya Aprili huyanyonya na kuyatawanya. Mama mmoja wa Donholm aliniomba nirudie mara nyingine ili watoto wake waone, nami nikarudia.

Na dishi halimdhuru mtoto. Linapokea tu, halirushi kitu. Mama akiuliza hivyo, namweka mkono kwenye dishi likiwa linafanya kazi na naeleza taratibu, maana hofu ya mzazi haiondolewi kwa kucheka.

Lakini nataka kusema jambo kuhusu ubishi wenyewe. Mara nyingi chini ya swali la sayansi kuna lalamiko la haki, na tukijibu sayansi peke yake tunamkosea mtu. Kumbukeni Februari 2015. Tarehe 14 stesheni kubwa za televisheni zilitoweka hewani kwa karibu wiki tatu kwa sababu ya mvutano wa uhamiaji wa dijitali. Mitaani watu walisema dijitali ni njama. Wataalamu walijibu, na walisema kweli, kwamba mataifa yalikubaliana Geneva mwaka 2006 kwamba mitambo ya analogia izimwe kufikia 17 Juni 2015, na kwamba mkanda mmoja wa masafa uliobeba stesheni moja sasa ungebeba kadhaa. Yote sahihi. Lakini mwenye nyumba ya mabati Mukuru hakuwa anauliza habari za masafa. Alikuwa anauliza ni nani atamlipia king'amuzi, wakati televisheni yake jana ilikuwa ikionyesha habari za saa moja bila senti. Aliitwa mjinga asiyeelewa teknolojia. Aliielewa vizuri sana. Nilikuwa kwenye nyumba hizo, nikiunganisha ving'amuzi vilivyonunuliwa kwa fedha ya karo.

Vivyo hivyo kile chuma cha Makueni. Tarehe 30 Desemba 2024 pete ya chuma ya karibu kilo 500, upana wa mita mbili na nusu hivi, ilianguka kijiji cha Mukuku, na Shirika la Anga la Kenya likasema ni pete ya kutenganisha sehemu za roketi. Mitandaoni watu wa Nairobi walijaza vichekesho. Wanakijiji waliuliza: ni ya nani, na ingeangukia nyumba nani angelipa? Wao ndio waliouliza swali la kisheria, na mkataba wa kimataifa kuhusu madhara ya vyombo vya anga, wa mwaka 1972, unalihusu jambo hilo hasa: nchi iliyorusha chombo inawajibika kwa madhara yake huku ardhini.

Na hapa ndipo kwenye jambo ambalo nimekuwa nikilibeba kila kibanda. Nyuzi 36 Mashariki kwenye ikweta ni wapi? Chukua ramani. Ni Baringo, karibu kabisa na mji wa Mogotio. Ile setilaiti inayotuletea mpira, tamthilia na mahubiri, ambayo Mrusi anaitafuta kusini na Mwafrika Kusini anaitafuta kaskazini, imesimama utosini pa Mogotio. Mwaka 1976 nchi kadhaa za ikweta, Kenya na Uganda zikiwamo pamoja na Kolombia, Ekuado, Indonesia na Zaire, zilitia saini Azimio la Bogotá, zikidai kwamba sehemu ya njia hiyo ya setilaiti iliyo juu ya ardhi zao ni mali yao. Mataifa mengine hayakukubali. Mkataba wa Anga wa 1967 unasema hakuna nchi inayoweza kujimilikisha anga za juu, na nafasi za setilaiti zinaratibiwa na Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano kule Geneva.

Nililitoa hilo kwenye kibanda cha chai Kayole, na tangu mwaka 2015 sijasikia ubishi mtamu namna ile. Mwalimu mstaafu wa jiografia alisema azimio lile lilikuwa na kasoro, kwa sababu anga haina mpaka wa kusimama na bunduki. Dereva wa boda akamjibu: bahari nayo haina ukuta, lakini kila nchi ina maili zake. Mwalimu akakubali kwamba hilo ni gumu. Mimi niko upande wa dereva, angalau kwa hili: waliotangulia kuwa na roketi walijipangia viti kwanza, kisha ndipo sheria ikatuambia viti havina mwenyewe. Na Kenya si mgeni wa mambo haya. Setilaiti ya kwanza duniani ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka angani ilirushwa baharini karibu na Malindi, 12 Desemba 1970, ikaitwa Uhuru. Taifa-1 yetu ilirushwa Aprili 2023, lakini kutoka California, na inaruka chini sana, haikai utosini pa mtu.

"Tuseme tumepewa ile nafasi ya Mogotio," mama mwenye kibanda akasema huku akimwaga chai, "tungeweka nini?"

Mwalimu akasema masomo, shule moja ya televisheni kwa watoto wa kaunti zote 47, bure. Dereva akasema mpira wa ligi yetu wenyewe, kila mechi. Mimi nikasema jicho la kutazama mawingu mchana na usiku, Turkana ijue ukame mapema na Budalang'i ijue mafuriko mapema. Mama akasema kwanza tumwambie bei, kisha ndipo tuchague. Mwalimu akaomba kalamu.