Nilivyoizoesha pikapu yangu mpya, na wale walioniambia niende arobaini

Nunua gari jipya Dodoma, wiki hiyo hiyo utagundua kumbe kila unayemfahamu ni fundi. Mimi sikuwahi kumiliki chombo chenye ziro kilomita. Magari yangu matatu ya nyuma yote yalitoka Japan yakiwa yameshatembea, la mwisho lilishuka bandarini na kilomita laki moja na elfu arobaini. Kazi ya kuzoesha injini, yaani kuiendesha kwa utaratibu kilomita za mwanzo mpaka vyuma vipya vizoeane, Mjapani alishaimaliza zamani, mimi nikaanzia kwenye kazi ya kutafuta vipuri. Safari hii, baada ya miaka sita ya kubana na msimu mmoja wa zabibu uliotukubali, mimi na mama watoto tukachukua pikapu mpya ya dizeli, kebini moja, gia za mkono. Bei siitaji, kuna ndugu wanasoma.

Kaka mkubwa ndiye wa kwanza kupiga simu. "Mdogo wangu, arobaini. Usizidi mwendo wa arobaini mpaka kilomita elfu moja zipite." Jirani yangu wa Nkuhungu akasema kinyume kabisa: niikanyage tangu siku ya kwanza, kwamba gari ni kama mtoto, ukilizoesha uvivu litakua vivu. Nikamsikiliza kaka, kwa sababu ndiye aliyenifundisha kuendesha, na kwa sababu ana sauti nzito.

Basi nikatoka Dar es Salaam saa kumi na moja alfajiri, mwendo arobaini, gia ya tano. Ndiyo, ya tano. Nilidhani injini ikinguruma kidogo ndiyo inapumzika. Kufika Chalinze ile ya Pwani (huku kwetu tuna nyingine) nilikuwa nimeshapigiwa honi na mabasi yote ya mikoani, na konda mmoja alitoa kichwa dirishani akaniuliza kama nimebeba mayai. Kabla ya Morogoro trafiki akanisimamisha.

"Kaka, gari bovu?"

"Hapana afande, jipya."

Akazunguka nyuma, akatazama namba, akatazama nailoni iliyokuwa bado kwenye viti, akanirudishia leseni bila neno. Nimewahi kupigwa tochi, kile kipima mwendo cha trafiki, nikalipa elfu thelathini yangu, lakini haikuniuma kama yale macho aliyonitazama nayo.

Aibu kubwa ilikuwa mbele, kwenye milima ya kupandia Gairo. Nilikuwa gia ya nne, mwendo thelathini na tano, naogopa kushusha gia kwa sababu mshale wa mizunguko ya injini ungepanda. Rungu la gia likawa linatetemeka kama mkono wa mzee, kebini nzima inagonga, na mimi naiambia pikapu "pole mama, pole mama". Bodaboda iliyobeba magunia mawili ya mkaa ikanipita. Kijana akanipungia mkono. Niliingia Dodoma saa tatu usiku, mgongo umekuwa ubao.

Kesho yake nikaenda kwa Babu. Si babu yangu wa damu, ni mzee wa mtaani aliyetengeneza injini za reli, kisha za malori, na sasa anapunga upepo chini ya mwarobaini wake. Nikamwamkia, akaitikia, nikamsimulia safari nzima nikitegemea pongezi. Akauliza swali moja tu: "Kitabu chake kiko wapi?"

Kilikuwa ndani ya nailoni yake, kwenye droo ya dashibodi. Tukakifungua pale pale. Arobaini haikuandikwa popote. Kilichoandikwa ni kwamba kwa kilomita 1,000 za kwanza usiikanyage mpaka mwisho, usikae na mwendo mmoja muda mrefu, usiitese kwenye gia kubwa ukiwa taratibu, usivute gari jingine, na kilomita 300 za mwanzo usishike breki za ghafla kama hakuna dharura. Yaani mimi kwa uangalifu wangu wote nilikuwa nimevunja masharti mawili kwa kilomita 450 mfululizo.

Babu akanieleza kwa nini, na hapa ndipo nilipoelewa. Ukuta wa silinda mpya haujanyooka kama kioo. Una michirizi midogo iliyopishana, imechorwa makusudi ili ishike oili. Ringi za pistoni, vile vyuma vya duara vinavyoizunguka, zinatakiwa zisuguane na ile michirizi mpaka zikae sawasawa, na kinachozisukuma zibane ukuta ni nguvu ya moto unaowaka juu ya pistoni. Ukiendesha kwa kubembeleza tu, moto ni mdogo, ringi hazibani vizuri, oili inaungulia pale ukutani na kuweka ngozi laini kama kikaango cha chapati. Ikishafika hapo, injini inaweza kula oili maisha yake yote. Ukiitwanga nayo ikiwa bado ngeni, joto linapanda, vyuma vinakwaruzana. "Jiwe jipya la kusagia uwele," akasema. "Ukiliparaza juu juu hupati unga. Ukiligandamiza kwa hasira unakula mchanga."

Sasa nilihitaji barabara ya kunifanya nipandishe na kushusha mwendo bila kuonekana kichaa. Hapa naomba nijisifu kidogo, maana hili halikutoka kwa Babu. Barabara ya kwenda Kibaigwa! Ihumwa kuna kibao cha 50, Buigiri kibao, Chalinze yetu kibao, Mbande kibao. Madereva wote wanavitukana vile vibao. Mimi viligeuka ratiba yangu. Naingia kijijini na hamsini, gia ya tatu. Nikifika kibao cha kumaliza, nakanyaga mafuta kama nusu hivi, au nusu na kidogo, naiacha ivute mpaka sabini na tano, themanini. Nikikiona kibao kinachofuata kwa mbali naondoa mguu mapema, sigusi breki, naiacha injini yenyewe iishike gari. Babu aliposikia akacheka, akaniambia kushuka namna ile ni muhimu kama kupanda, kwa sababu meno ya difu, lile boksi la gia la nyuma linalopeleka nguvu kwenye magurudumu, nayo yanapata kugusana upande wa pili.

Kibaigwa napumzika nusu saa. Chai, chapati mbili, natazama malori ya mahindi yakipakia. Kabla ya chai najipenyeza chini ya pikapu na kuweka kiganja kwenye difu. Safari ya kwanza sikuweza kuhesabu hata mpaka tatu, ilikuwa ya moto kweli, nikaogopa. Safari ya pili nilifika sita. Safari ya tatu kiganja kilikaa mpaka mama muuza chapati akaniuliza kama nimedondosha hela.

Asubuhi sikuwa naiwasha na kuiacha ingurume uani robo saa kama anavyofanya jirani. Nawasha, nafunga mkanda, naondoka polepole mpaka mshale wa joto unyanyuke. Breki nilizizoesha Jumapili asubuhi kule Iyumbu, kabla watu hawajaenda kanisani: kutoka sitini mpaka kumi bila kusimama kabisa, kama mara nane, halafu mwendo wa kawaida zipoe. Mbuzi walinikatiza mara mbili, ile haihesabiki. Na nati za tairi zikazwe tena, yangu moja ilizunguka robo nzima.

Kwenye kilomita mia sita na kitu nikachomoa kijiti cha oili nikakuta imeshuka, kama upana wa ukucha. Usiku huo sikulala. Babu akasema injini changa hunywa kidogo mpaka ringi zikae, ongeza na uendelee kupima. Kweli, ilipopita elfu mbili na nusu ikaacha.

Shemeji ndiye aliyenipa kazi. Anajenga Nzuguni, akaja na furaha yake: "Shem, mifuko thelathini tu ya saruji." Mifuko thelathini ni tani moja na nusu! Pikapu yenyewe uwezo wake ni tani moja, hata ingezoeshwa na malaika. Nikampakilia sita. Alikaa pembeni yangu njia nzima bila kusema, na hadi leo akinipita msibani ananipa mkono wa vidole viwili.

Kwenye 1,000 nikapeleka sevisi ya kwanza, wakamwaga oili ya injini na kubadili filta. Nikawaomba waibadili na ya difu, wakasema bado sana. Sikubishana. Nikaenda Kondoa na kupanda mpaka Kolo ili ionje milima, safari hii nikishusha gia kama mtu mwenye akili, kisha nikaipeleka kwa Babu. Akafungua nati ya chini ya difu, oili ikatoka ya kijivu, inameremeta juani kama pambo la kucha za bibi harusi. Kwenye sumaku ya ile nati kulikuwa na tope jeusi, ukilisugua kwa vidole unasikia punje. Vile vyote vingebaki vinazunguka mle ndani na meno mapya. Oili mpya, ufundi na soda ya Babu vilikula kama elfu themanini.

Sasa imepita elfu tisa. Oili kwenye kijiti haijashuka, na juzi nimepanda Gairo na kreti za zabibu nikiyapita malori. Kaka alikuwa pembeni yangu. Akasikiliza injini, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema, "Unaona? Nilikwambia arobaini."