Injini imefunguliwa leo

Nimeshinda gereji hapa Tanga mjini tangu asubuhi.

Jana gari lilichemsha nikitokea Muheza. Mshale wa joto niliuona, nikasema Pongwe si mbali, nikaendelea kukanyaga.

Fundi alipochomoa kijiti cha oili, moyo ulinipiga paa. Oili imepauka, nzito, rangi ya chai ya maziwa kabisa! Gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi (sehemu ya juu ya injini) na bloku ya chini, imeungua, maji ya rejeta yameingia kwenye oili.

Nikamwomba abadilishe gasketi tu, tufunge. Akakataa. Hedi ikapimwe kwanza kama imepinda, njia za oili zisafishwe, beringi zikaguliwe. Namshukuru sana.

Ile rangi ya chai bado naiona.

Jamani, mliowahi kufungua injini, nikague nini kingine kabla haijafungwa?