Kumbe kwenye folda ya "Risiti" hamna risiti

Jamani, leo nimeduwaa.

Huyu rafiki yangu tunajuana miaka 12. Hata nywila ya simu yake naijua. Nilidhani hana jipya kwangu.

Mchana kaniazima kompyuta nichape barua. Natafuta pa kuihifadhi, nakutana na folda iliyoandikwa "Risiti". Nikaifungua (ndiyo, umbea wangu naujua).

Hakuna risiti hata moja!

Taarifa za hali ya hewa za miaka ya 1980. Matangazo ya sabuni kwa lugha asizozijua. Mafunzo ya kutumia mashine ya faksi. Vyote kavipakua kutoka Internet Archive, ile maktaba ya mtandaoni ya vitu vya zamani, usiku sisi tumelala.

Nilipomuuliza akainama kama mtoto aliyefumaniwa. Halafu akafunguka, hakunyamaza tena. Akanisimulia habari za Marion Stokes, mama wa Marekani aliyerekodi televisheni usiku na mchana kwa zaidi ya miaka 30 hadi alipofariki 2012, akaacha kanda kama 70,000. "Mkusanyiko wangu mimi ni utani tu," akasema.

Ila kuna faili moja imeniganda kichwani.

Dakika 4 za mtangazaji anayesubiri mitambo itengemae, hajui kama yuko hewani. Anapanga karatasi. Anakohoa. Anazipanga tena zile zile.

Faili yenyewe kaipa jina "usimfute huyu".

Tumeitazama mara tatu, kimya.

Haya, na nyie semeni: rafiki yenu mmemfuma na nini?