Nilivyolala Balmoral, Edinburgh, na ninachotamani kwa hoteli zetu Dodoma

Tangu nirudi watu wananiuliza kitu kimoja tu, eti hoteli ya Balmoral kule Uskoti ikoje, na wengi wanategemea niwaelezee masinki ya dhahabu na taa za kioo. Zipo taa nzuri ndio. Ila mimi nafanya kazi hoteli hapa Dodoma, upande wa vyumba, miaka mingi sasa, kwahiyo naingia sehemu naangalia kwa jicho la kazi. Na kilichonishika pale ni kwamba ukifungua macho asubuhi, kabla hata hujakumbuka jina lako, unajua uko Edinburgh. Kila kitu kinakwambia. Huku kwetu zinajengwa hoteli nzuri, marumaru, AC, mapazia mazito, alafu mgeni akiamka hajui kama yuko Dodoma au Mwanza au Dubai. Hilo ndo linaniuma na ndo nimekaa kuandika.

Nilifikaje. Dada yangu ni nesi Glasgow, kila mwaka ananiambia njoo mdogo wangu, na mimi kila mwaka namjibu dada subiri Bunge liishe, maana watu wa hoteli Dodoma tunajuana, Bunge la bajeti likianza Aprili mpaka linaahirishwa mwisho wa Juni likizo usiiulize. Safari hii limeahirishwa tu nikaondoka. Kufika kule akaniambia ameweka nafasi Balmoral, amelipia yeye, nikaangalia bei kwenye simu nikakuta usiku mmoja ni mamia ya pauni, ukipiga kwa shilingi inapita milioni. Nikamwambia dada hii hela nyingi sana. Akasema, "Umetandikia watu vitanda maisha yako yote, nataka safari hii ulale wewe, mwingine akutandikie." Nililia jamani.

Kutoka Glasgow ni treni, chini ya saa moja unashuka Waverley, stesheni iko bondeni katikati ya mji, huku juu ngome ya Edinburgh imekaa kwenye jiwe la volkano, mji wa kale umeteremka nayo mgongoni, na upande wa pili mji mpya, ambao mpya yenyewe ramani yake ni ya mwaka 1767. Vyote viwili viko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu 1995. Ukipanda tu kutoka stesheni, hoteli hii hapa, namba 1 Princes Street, jengo la mawe lenye mnara wa saa. Ilifunguliwa 1902 na kampuni ya reli ya North British, yaani ni hoteli ya reli, walijenga abiria ashuke kwenye treni apate pa kulala. Kampuni pinzani, Caledonian, nayo ikafungua ya kwake 1903 mwisho mwingine wa barabara hiyohiyo. Jina la Balmoral limekuja baadae, ilifungwa 1988 ikakarabatiwa ikafunguliwa tena 1991, lakini hawakuibomoa ili waweke vioo vya bluu.

Sasa ile saa ya mnarani. Inatangulia dakika 3 makusudi, tangu enzi hizo, ili mtu anayekimbilia treni asiachwe. Mpaka leo. Siku pekee wanayoirekebisha ni tarehe 31 Desemba, maana watu wanakusanyika kuhesabu mwaka mpya. Dada alikuwa amenisimulia ila nilitaka kuona mwenyewe, na kule ngomeni wanapiga mzinga kila siku saa saba kamili mchana isipokuwa Jumapili, Ijumaa Kuu na Krismasi, utaratibu wa tangu 1861, basi tukasimama pale nje tukasubiri. Mzinga ukalia, buum, watu wakashtuka, nikainua macho kwenye mnara, mishale inasoma saa saba na dakika tatu. Nilifurahi kama mtoto. Dakika tatu tu, hazigharimu kitu, lakini mji mzima unazijua na mgeni anaondoka nazo anakwenda kuzisimulia kwao.

Mlangoni unapokelewa na kaka aliyevaa kilt, ile sketi ya cheki ya wanaume wa Uskoti, na amevaa kwa heshima kabisa, siyo mtu aliyevalishwa vazi la maonyesho. Akachukua begi langu akauliza tumetoka wapi. Dada akasema Tanzania. Yule kaka akatuelekeza papo hapo, akasema mkitoka, hapo bustanini karibu na mnara wa mwandishi Scott kuna sanamu ya Livingstone. Tukaenda. Iko kweli, na nilisimama pale nikawaza Ujiji, nikawaza watumishi wake Chuma na Susi na wenzao waliobeba mwili wake tangu ulipo sasa Zambia mpaka Bagamoyo, safari ya miezi, na sanamu yao mimi sikuiona pale. Lakini turudi kwa yule kaka. Mfanyakazi wa mlangoni anajua mji wake kiasi cha kumpa mgeni wa Dodoma kitu kinachomhusu mgeni wa Dodoma, ndani ya dakika moja, begi likiwa mkononi. Hiyo ni ujuzi. Hiyo inafundishwa, na hapa tunaweza kuifundisha.

Chumbani sitaongea sana. Shuka limenyooka, kona zimekunjwa vizuri, nilipitisha mkono chini ya godoro kwa mazoea na kulikuwa safi. Jioni tulitoka kutembea (Julai kule jua linazama karibu saa nne usiku, mwili haukubali kabisa) na tuliporudi mtu alikuwa ameshaingia, mapazia yamefungwa, taa ya pembeni inawaka peke yake, slipa zimegeuzwa vidole vikiangalia nje ili ukitoka kitandani uzivae moja kwa moja. Nilizitazama zile slipa muda mrefu. Aliyezigeuza anaipenda kazi yake, na ningempata ningemshika mkono.

Asubuhi kwenye chai waliniletea haggis. Ni moyo, maini na mapafu ya kondoo, yamekatwakatwa na oti (oats), vitunguu na pilipili manga, zamani ilipikwa ndani ya tumbo la kondoo lenyewe. Chakula cha watu wa kawaida kabisa, na kimewekwa kwenye sahani ya hoteli ya milioni bila aibu yoyote. Kuna baa ina whisky zaidi ya 500, zote za Uskoti. Na pale Palm Court, chini ya kuba la kioo, mtu anapiga kinubi watu wanakunywa chai.

Haya tuje nyumbani. Sisi tuna zabibu zinazovunwa mara mbili kwa mwaka, Hombolo na Mpunguzi hapo, alafu mgeni anakaa kwenye hoteli ya Dodoma anafungua orodha ya mvinyo anakuta ya Afrika Kusini kuanzia juu mpaka chini. Asubuhi soseji na maharage ya kopo, wakati uji wa uwele upo, ubuyu upo, na mlenda ukipikwa na mtu anayejua mgeni ataomba tena. Lobi inapigwa muziki wa kwenye flashi, na hii ni nchi ya zeze na ilimba (ile ya kupiga kwa vidole gumba), marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wetu wa Kigogo, alizitoa Ugogo akazipeleka majukwaa ya Ulaya wakamsikiliza. Kijana wa zeze jioni, masaa mawili, angetugharimu nini?

Hata reli tunayo. Mji huu umekua kwa sababu ya reli, Wajerumani waliifikisha hapa 1910, na pale karibu na stesheni ya zamani ipo hoteli iliyoanza kama hoteli ya reli, sawasawa na Balmoral. Watu wangapi wanajua? Na sasa SGR imeanza 2024, Dar ni kama masaa manne, mgeni anakuja na treni ya asubuhi, anafanya kikao chake, jioni anarudi, tunaliona kazini. Zamani alilala kwa sababu ya umbali. Sasa hivi itabidi tumpe sababu nyingine ya kulala, na marumaru ameyaacha Dar.

Nimeshaongea na bosi wangu. Mvinyo wa zabibu za hapa ataujaribu Bunge lijalo, la zeze amesema tuanze na Ijumaa, na mimi nimeanza na vijana wangu wa vyumbani kugeuza slipa.

Kwa wanaoulizia, huhitaji kulala pale ili uingie. Chai ya mchana ya Palm Court unaweka nafasi tu kama mtu wa nje, ni bei ndio lakini siyo ya chumba, alafu jipange uusikilize kwanza mzinga wa saa saba mchana ndo uingie.