Siku moja maishani mwangu: mshauri wa wanafunzi, El Paso

Saa moja na nusu asubuhi nafungua ofisi, University of Texas at El Paso. Zaidi ya wanane kati ya kila wanafunzi kumi hapa ni Walatino, wengi wenye asili ya Meksiko. Nyumbani Tanzania, wazee wanakijua chuo hiki kwa sababu ya Suleiman Nyambui, aliyekuwa mwanariadha wake alipotwaa medali ya fedha ya mita 5,000 Moscow mwaka 1980.

Saa mbili anaingia binti wa uhandisi, macho mekundu kwa usingizi. Anaishi Ciudad Juárez, mji wa Meksiko ng'ambo ya mto Rio Grande, na alfajiri alikuwa ameshapanga foleni kwenye daraja la mpakani. Kabla hata ya kusajili masomo ananipa tamale, chakula cha unga wa mahindi kilichopikwa kwa mvuke, bado ya moto ndani ya ganda lake la hindi. Bibi yake kamwambia asije mikono mitupu.

Saa nne, kijana wa mwaka wa kwanza na mama yake. Tunajaza FAFSA, fomu ya msaada wa fedha wa serikali kuu, inayodai taarifa za kodi za wazazi. Sheria ya FERPA ya mwaka 1974 inampa mwanafunzi mamlaka juu ya kumbukumbu zake za masomo, kwa hiyo kwanza namwuliza kama mama abaki. "Abaki," anajibu papo hapo. Anamtafsiria mstari kwa mstari, kama alivyozoea tangu utotoni, hospitalini na benki. Tukifika kwenye kipato anapunguza sauti. Namgeukia mama, namwita señora, namweleza kwa Kihispania. Kijana anashusha pumzi, anaegemea kiti. Kwa mara ya kwanza leo yeye ni mwanafunzi tu.

Mchana ni vikao.

Saa tisa, binti aliyepata nafasi ya uzamili jimbo la mbali. Nani atampeleka bibi kusafisha damu? Wapo wanaosema familia inawarudisha nyuma vijana hawa. Nakataa kabisa: ada ya huyu imetoka kwa mjomba, malezi kwa bibi, na ndoto yenyewe kwa baba anayeezeka mapaa juani.

Tunaandika barua kuomba aanze Januari. Kufikia hapo mdogo wake atakuwa na leseni ya udereva. Baba anataka kuisoma barua kabla haijatumwa. Atakuja kesho akitoka kazini, saa kumi na mbili jioni, nami nitamsubiri.